Wadhamini Wanalinda Jina la Chuo. Wewe Atakulinda Nani?

Hebu fikiria, ndugu yangu. Uko mwaka wa pili chuoni. Asubuhi moja unaamka, simu imejaa meseji. Picha yako, pamoja na za wenzako, zimebandikwa kote chuoni, na juu yake kuna maandishi ya kuwataka mjitokeze mseme mlichofanya. Watu wanaandamana na sufuria nje ya nyumba, wanazipiga kama ngoma. Wahadhiri wametia sahihi tangazo gazetini. Mkuu wa chuo amefuta mechi zenu zote. Na wewe unajua, na Mola wako anajua, kwamba jambo unalosingiziwa hukulifanya.

Nani ana uwezo wa kusema, "Ngojeni kwanza"?

Kwenye karatasi, yuko. Juu ya mkuu wa chuo kuna bodi ya wadhamini. Hao ndio wanaomwajiri mkuu, hao ndio wanaoweza kumwachisha kazi, na neno la mwisho ni lao. Kama kuna watu chuoni wasiohitaji kuogopa mtu, ni wao.

Sasa uliza swali linalofuata: mbona hawasemi?

Leo tunataka tukae na swali hilo, kwa sababu wengi wenu mko vyuoni au mnaelekea huko. Tutatumia kesi moja ya kweli, iliyotokea Marekani, ambayo mwisho wake unajulikana. Hakuna tena ubishi kama vijana walikuwa na hatia au la. Kwa hivyo tunaweza kuangalia jambo moja tu kwa utulivu: wale wakubwa walikuwa wapi?

KILICHOTOKEA DURHAM

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 2006, mjini Durham, jimbo la North Carolina, wachezaji wa timu ya lacrosse ya Chuo Kikuu cha Duke walifanya sherehe katika nyumba iliyo nje ya chuo. Lacrosse ni mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu, na Marekani unajulikana kama mchezo wa watoto wa wenye nazo. Walikunywa pombe. Waliwakodi wanawake wawili waje wawachezee densi, na ndiyo, ni densi ya aina hiyo unayoifikiria. Maneno ya kibaguzi yalitamkwa usiku ule.

Tuseme wazi: hatuwatetei kwa hayo. Lakini kufanya jambo baya si sawa na kufanya kila baya utakalosemwa umefanya. Shikilia hapo, tutarudi.

Mmoja wa wanawake wale, mama mweusi aliyekuwa akisoma chuo kingine mjini humo humo, alisema wanaume watatu walimbaka chooni. Ni tuhuma nzito, na ilistahili kuchunguzwa kwa uzito wake. Wachezaji walikuwa 47. Kwa vile mlalamikaji alisema waliomshambulia ni wazungu, wachezaji 46 wazungu walitoa vipimo vya DNA. Ofisi ya mwendesha mashtaka yenyewe iliieleza mahakama kwamba vipimo hivyo vingewaondolea lawama wasio na hatia.

Majibu yakatoka tarehe 10 Aprili. Hakuna hata mchezaji mmoja aliyepatikana.

Ungedhani kesi imeisha. Wapi! Mwendesha mashtaka, Mike Nifong, alikuwa kwenye kampeni, maana kule cheo hicho hupigiwa kura. Alikuwa ameshazungumza na waandishi wa habari mara nyingi, ameshawaita wachezaji kila jina. Polisi walimwonyesha mlalamikaji picha za kuchagua washukiwa, na picha zote zilikuwa za wachezaji wa timu hiyo hiyo. Unaona mtego ulipo? Hakukuwa na picha ya mtu wa nje. Kidole chochote, popote kitakapoangukia, ni mshukiwa.

Wawili wakashtakiwa tarehe 17 Aprili. Mmoja wao alikuwa na ushahidi wa kila dakika: simu alizopiga, dereva wa teksi aliyembeba, picha yake kwenye mashine ya ATM, kadi aliyofungulia mlango wa hosteli. Wa tatu alishtakiwa tarehe 15 Mei, siku moja tu baada ya kuhitimu.

Halafu ikaja tarehe 15 Desemba 2006. Mkuu wa maabara binafsi iliyopima DNA akakiri mbele ya mahakama kwamba walikuwa wamepata DNA ya wanaume wengine, hakuna hata mmoja wao mchezaji, na kwamba yeye na Nifong walikubaliana jambo hilo lisiingie kwenye ripoti. Kesi ikachukuliwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Roy Cooper. Tarehe 11 Aprili 2007 Cooper hakusema tu kwamba ushahidi haukutosha. Alisema vijana hawa hawana hatia. Ni neno ambalo waendesha mashtaka karibu hawalitumii kabisa.

Juni mwaka huo Nifong alinyang'anywa leseni ya uwakili. Septemba akalala jela siku moja kwa kuidanganya mahakama. Na Desemba 2024, miaka 18 baadaye, mlalamikaji mwenyewe alisema hadharani kwamba alidanganya.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo watu wengi wanaijua. Mbaya wake ni Nifong, Nifong akaadhibiwa, mwisho mwema. Lakini Nifong hakuwa mtumishi wa chuo. Hakupokea karo ya vijana wale. Hakuwaahidi wazazi wao chochote. Tuwaangalie waliofanya hivyo.

WADHAMINI WALIKUWA WAPI?

Mwenyekiti wa bodi ya wadhamini ya Duke alikuwa Robert Steel, mtu wa benki aliyepanda hadi ngazi za juu za Goldman Sachs, na mwenyewe alisoma Duke. Mkuu wa chuo alikuwa Richard Brodhead, aliyetoka Yale mwaka 2004.

Tarehe 5 Aprili 2006 kocha wa timu, Mike Pressler, alitakiwa aondoke, na mechi zote za msimu zikafutwa. Angalia tarehe vizuri. Siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa ameshtakiwa. Majibu ya DNA yalikuwa bado siku tano kutangazwa. Adhabu ilitangulia, mashtaka yakafuata nyuma.

Kwa haki, Brodhead alirudia mara kadhaa kwamba vijana wachukuliwe kuwa hawana hatia hadi mahakama iamue. Maneno hayo yapo. Lakini mdomo ukisema "hawana hatia" na mkono unafunga timu na kumwondoa kocha, watu wanaamini mkono.

Baadaye mwaka huo, jarida la New Yorker lilichapisha maelezo ya Steel kuhusu uamuzi wa kusimamisha msimu. Alieleza kwamba ilibidi zile picha za wachezaji wakifanya mazoezi zikome kuonyeshwa. Akaongeza kwamba hilo halimaanishi uamuzi ulikuwa wa haki, wala si lazima yeye aone ulikuwa sahihi. Ilibidi tu ufanywe.

Rudia kusoma hapo, kijana. Mwenyekiti wa wadhamini hakusema, "Tulidanganywa." Hakusema, "Tulidhani wana hatia." Alisema jambo huenda si la haki, lakini picha kwenye televisheni zilikuwa zinaumiza. Kwenye mizani, upande mmoja kuna vijana, upande wa pili kuna picha. Picha zikashinda.

Na vijana walipotangazwa kuwa hawana hatia, Steel aliandika kwa niaba ya bodi. Alikiri kwamba kuna mambo yangeweza kufanywa vizuri zaidi, lakini akasema bodi ilikubaliana na misimamo ya mkuu na hatua alizochukua, na kwamba yeye kama mwenyekiti anabeba jukumu. Kubeba jukumu kukaishia hapo kwenye barua. Juni 2007 chuo kiliwalipa wale watatu, kiasi hakikutajwa. Septemba Brodhead akaomba radhi, akakiri chuo hakikuwafikia vijana na familia zao walipohitaji. Aliendelea kuwa mkuu hadi 2017, na jengo kubwa la wanafunzi likapewa jina lake. Steel aliendelea kuwa mwenyekiti hadi 2009, huku akiwa pia na cheo kikubwa katika Wizara ya Fedha ya Marekani.

Hatusemi watu hawa ni mashetani. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa mashetani, ungewatoa uweke malaika, mambo yakanyooka. Shida ni kwamba watu wa kawaida, wenye akili na nia nzuri, wakikaa kwenye viti vile wangefanya hivyo hivyo. Tatizo limo kwenye kiti. Tueleze kwa nini.

KITI CHENYEWE

Kwanza, angalia wanavyopatikana. Mdhamini wa chuo kikubwa cha binafsi Marekani halipwi mshahara. Mara nyingi ni mhitimu wa chuo hicho aliyefanikiwa kibiashara, na mara nyingi ni mchangiaji mkubwa. Anachaguliwa kwa sababu anakipenda chuo. Lakini kukipenda chuo si kumpenda mwanafunzi. Chuo ni jina, ni majengo, ni nafasi kwenye orodha ya vyuo bora. Mwanafunzi anakaa miaka minne anaondoka. Nyumba ikishika moto, mwenye kupenda nyumba atakimbilia ndoo, hatauliza nani yuko chumba cha nyuma.

Pili, wanaona kwa macho ya mtu mwingine. Bodi inakutana mara chache kwa mwaka. Makaratasi wanayosoma yameandaliwa na ofisi ya mkuu. Wakitaka kujua kinachoendelea, wanampigia mkuu. Na huyo mkuu ni wao waliomchagua. Wakisema amekosea, wamesema pia kwamba wao walikosea kuchagua. Brodhead alikuwa hajamaliza hata miaka miwili kazini. Unadhani bodi ingekuwa na hamu gani ya kusikia kwamba mtu wao mpya anakwenda njia mbaya?

Tatu, kuna wakili wa chuo. Wakili huyu ni mzuri katika kazi yake, ila mteja wake si wewe. Mteja wake ni chuo. Anawaza kesi zote zinazoweza kuja: ya mlalamikaji, ya wazazi, ya serikali. Ushauri wake karibu siku zote ni mmoja: nyamazeni. Kwake kunyamaza ni tahadhari. Kwako wewe uliyesingiziwa, na kwa watu wa nje wanaotazama, kunyamaza kwa chuo chako ni hukumu. Watu wanasema, "Hata wenyewe hawamtetei, lazima kuna kitu."

Nne, na hapa ndipo penye mzizi, kuna hesabu ya hasara. Jiweke kwenye kile kiti upige hesabu mwenyewe. Ukisimama na mtuhumiwa, halafu ikabainika ana hatia, utaonekana mtetezi wa wabakaji maisha yako yote. Wachangiaji wataondoka, magazeti yatakula nyama yako. Lakini ukimtupa mtuhumiwa, halafu ikabainika hana hatia, itakuwaje? Itakuwa baada ya mwaka mmoja au miwili, waandishi wameshaondoka, chuo kitalipa pesa, mkataba wa siri utatiwa sahihi, na pesa zenyewe hazitoki mfukoni mwako. Kosa la kwanza linakugharimu wewe. Kosa la pili linamgharimu mwanafunzi.

Mtu akiwekewa mizani ya namna hiyo, usishangae ikiegemea upande mmoja kila mara. Huhitaji kumchukia mwanafunzi ili umwache azame. Inatosha tu kwamba kuzama kwake hakukulowanishi.

Tano, hakuna mwenye kazi hiyo. Bodi huwa na kamati ya fedha, kamati ya majengo, kamati ya ukaguzi wa hesabu. Nionyeshe kamati ambayo kazi yake ni kuuliza, "Huyu tunayemwadhibu leo, tumemsikiliza?" Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye chumba kile yupo mkuu, yupo wakili, yupo msemaji wa chuo na magazeti ya asubuhi mkononi. Mtuhumiwa hayupo.

ALIKUWEPO ALIYESIMAMA

Usije ukasema, "Basi, haiwezekani kufanya vingine." Iliwezekana.

Duke kulikuwa na profesa wa sheria anaitwa James Coleman, Mmarekani mweusi, mtu aliyetumia miaka mingi ya kazi yake kwa watu waliofungwa bila hatia. Chuo kilimpa kamati ichunguze mwenendo wa timu ile. Ripoti yake ya Mei 2006 haikuwapaka mafuta: ilisema walikuwa walevi na wasumbufu. Lakini ilisema pia kwamba kamati haikupata ushahidi kwamba timu ina historia ya ubaguzi au ya kuwadhalilisha wanawake. Alitenganisha walichofanya na walichosingiziwa. Ndiyo lile jambo tulilokuambia ulishikilie.

Mwezi uliofuata Coleman aliandika hadharani kwenye gazeti la eneo hilo, akakosoa lile zoezi la picha na kutaka kesi ikabidhiwe mwendesha mashtaka mwingine. Hakujua wakati ule mwisho utakuwaje. Hakusema vijana hawana hatia. Alichosema ni kwamba njia inayotumika haiwezi kumfikisha mtu kwenye ukweli.

Hilo tu. Halikuhitaji ujasiri wa kufa mtu, wala halikumtukana mlalamikaji. Bodi ingeweza kusema maneno hayo hayo. Ingekuwa na sauti mara mia kuliko profesa mmoja.

"LAKINI HAO NI WATOTO WA MATAJIRI"

Tunajua kuna msomaji anauma meno hapa. Anasema: tunahangaika na vijana wa kizungu waliokuwa na mawakili wa bei mbaya, wakati maskini wangapi wako ndani bila hata mtu wa kuwaletea sabuni?

Hoja ina uzito. Hasira iliyokuwa Durham haikuwa ya bure. Kusini mwa Marekani, mwanamke mweusi aliyedhulumiwa na mzungu tajiri kwa miaka mingi hakuwa na pa kushtaki. Wale wahadhiri 88 waliotia sahihi tangazo kwenye gazeti la wanafunzi tarehe 6 Aprili 2006 walikuwa wakizungumzia maumivu ya kweli. Kosa lao ni kwamba waliwashukuru walioandamana kwa kutosubiri. Historia inaweza kukwambia mambo gani hutokea sana. Haiwezi kukwambia nini kilitokea usiku ule, kwenye nyumba ile, kwa watu wale.

Lakini hebu tukukumbushe kitu kimoja, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Unajua hii haki ya mwanafunzi kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, huko Marekani, ilipatikanaje?

Februari 1960, wanafunzi weusi wa Chuo cha Jimbo cha Alabama waliingia kwenye mkahawa wa mahakama ya Montgomery, uliokuwa wa wazungu peke yao, wakaomba kuhudumiwa. Siku chache baadaye Bodi ya Elimu ya jimbo, chini ya gavana John Patterson, ikaamua tisa kati yao wafukuzwe. Hawakuitwa. Hawakuelezwa kosa lao waziwazi. Hawakuulizwa kitu. Walipokea barua tu.

Wakaenda mahakamani. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumpa taarifa ya tuhuma na nafasi ya kusikilizwa. Kesi hiyo, Dixon dhidi ya Bodi ya Elimu ya Jimbo la Alabama, ndiyo msingi ambao wanafunzi wa vyuo vya umma Marekani wanasimama juu yake hadi leo, weupe kwa weusi.

Umeona? Ngao hii waliifua watoto wa watu walioonewa. Na waliona mapema tunachosema leo: wanaoitwa walinzi wa chuo ndio waliowatupa, kwa sababu gavana alikuwa na hasira na bodi ilikuwa yake. Ukisema leo ngao hii wasipewe watoto wa matajiri, utakuwa unaitoboa ngao ya wale waliokuja na jasho. Siku itakapokuwa zamu yako, utaikuta ina tundu.

Kitu kingine: Duke ni chuo cha binafsi. Uamuzi wa 1961 uliegemea Katiba, na Katiba ya Marekani inaibana serikali, haivibani vyuo binafsi namna hiyo. Kwa hivyo pale Duke karibu kila kitu kilitegemea utu wa bodi. Na umeona utu ulifika wapi.

NA MLALAMIKAJI JE?

Dada zetu wanaosoma hapa wana haki ya kuuliza: mkisema hivi, si mnawafunga mdomo wanaodhulumiwa kweli?

La. Wengi wanaodhulumiwa hawasemi kabisa, na wengi wanaosema hawasikilizwi. Hilo ni jeraha, nasi hatulifichi. Bodi ile ile inayomtupa mtuhumiwa magazeti yakipiga kelele, ndiyo inayomzima mlalamikaji magazeti yakiwa kimya. Ni ugonjwa mmoja. Siku ambayo kinachotishia jina la chuo ni mtuhumiwa, mtuhumiwa anatolewa kafara. Siku ambayo kinachotishia jina ni mlalamikaji, msichana anaambiwa avumilie, asichafue chuo, afikirie mustakabali wake. Bodi inayopima mambo kwa jina haimlindi yeyote.

Utaratibu wa haki unamlinda dada anayesema kweli kuliko kelele. Uamuzi uliofuata utaratibu hauvunjwi kirahisi. Uamuzi wa pupa unavunjwa na wakili wa kwanza, kisha kila mwongo na kila mkweli anayekuja nyuma yake anatiliwa shaka.

SASA TURUDI KWAKO

Hapa Kenya viti vina majina tofauti. Kwa kawaida chombo cha juu ni Baraza la Chuo, na mkuu wa shughuli za kila siku ni Naibu Chansela. Lakini kiti ni kile kile: watu wanaokutana mara chache, wanaoletewa makaratasi na ofisi, wanaoogopa vichwa vya habari.

Tofauti ni kwamba wewe una kitu ambacho wale vijana wa Duke hawakuwa nacho. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho haivibani vyombo vya serikali peke yake. Inawafikia hata wasio wa serikali. Kwa hivyo chuo kisikwambie, "Sisi ni binafsi, tuna sheria zetu."

Basi, yashike haya.

Soma kitabu cha kanuni za wanafunzi sasa, ukiwa huna kesi. Siku ya kesi utasoma ukitetemeka.

Ukituhumiwa, omba tuhuma kwa maandishi: umefanya nini, lini, wapi, na kanuni ipi umevunja. Usitie sahihi karatasi yoyote kwa sababu umeambiwa "ni ya kawaida tu".

Weka kila kitu. Kijana mmoja wa Durham alikuwa na picha ya ATM na rekodi za simu. Wewe una meseji za M-Pesa, tiketi ya basi, daftari la mlango wa hosteli. Usifute kitu, hata kile unachoona aibu.

Usiende kusikilizwa peke yako. Sheria hiyo ya 2015 inakupa nafasi ya kufika, kusikilizwa, kuja na mtu mwenye ujuzi unayemchagua, na kuwahoji wanaotoa ushahidi dhidi yako. Ukinyimwa, andika kwamba umenyimwa, na tarehe.

Ukiadhibiwa, omba sababu kwa maandishi na ukate rufaa ndani ya muda uliowekwa. Ukifika mwisho wa ngazi za chuo, Mahakama Kuu ipo.

Na kwa viongozi wa wanafunzi mnaotusoma: msingoje kesi ije. Liulizeni Baraza lenu leo, wakati hakuna jina la mtu mezani, maswali matatu. Mwanafunzi anaweza kuadhibiwa kabla ya kusikilizwa? Nani asiye chini ya Naibu Chansela ana kazi ya kuhakikisha amesikilizwa? Na chuo kikikosea, nani atasema hadharani kwamba kimekosea, kwa sauti ile ile iliyotumika kumchafua? Ni rahisi mtu kukubali kanuni ya haki asipojua itamwangukia nani. Akishajua, kila mmoja anaanza kuangalia sura.

Mwisho, neno moja kwako wewe ambaye hujatuhumiwa. Wadhamini wa Duke waliogopa picha za televisheni. Leo picha hizo tunazisambaza sisi, kwa kidole, tukiwa kitandani. Bodi inasikiliza kelele, na kelele ni mimi na wewe. Sisi tuliofundishwa kuihakiki habari kabla ya kuibeba, tunabeba ngapi kwa siku? Screenshot ikikufikia usiku na jina la mtu ndani, huna haja ya kumtetea wala kumlaani. Inatosha usiitume.

Wale vijana watatu walisubiri zaidi ya mwaka mzima hadi mtu mwenye cheo atamke kwamba hawana hatia. Aliyetamka hakutoka chuoni kwao. Wewe usijenge maisha yako juu ya matumaini kwamba mtu wa namna hiyo atatokea. Jua haki yako, na umsimamie mwenzako haki yake, hata yule usiyempenda. Hasa yule usiyempenda.